Mpaka Ukifungwa, Mtaji Usiliwe: Maandalizi ya Nyumbani kwa Wafanyabiashara na Wasafirishaji

Mfanyabiashara wa mpakani hufuatilia kila siku bei ya mzigo, thamani ya fedha na urefu wa foleni ya malori. Ni wachache wanaokagua stoo ya nyumbani kwao kwa uangalifu huo huo. Hata hivyo biashara nyingi ndogo hazifi kwa sababu ya hasara ya mzigo. Hufa kwa sababu barabara ilifungwa wiki mbili, nyumba haikuwa na akiba, na familia ikaula mtaji. Mpaka unapofunguliwa, wenzake wanavuka na yeye hana cha kununulia mzigo.

Makala hii inaeleza namna ya kuiandaa nyumba ili ikae siku 14 bila kugusa mtaji, hata kama mpaka, benki, mafuta, umeme au mtandao havifanyi kazi. Inamhusu mwenye duka, mama wa soko anayevuka na mzigo wake, mwenye lori, dereva na utingo.

NINI HUKATIKA, NA KWA NAMNA GANI

Matukio ya miaka iliyopita katika nchi zetu yanatupa picha nzuri.

- Kenya, 2007 na 2008. Baada ya matokeo ya urais kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007, machafuko yalifunga barabara ya Nakuru hadi Eldoret kuelekea Malaba, na reli ikang'olewa Kibera. Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo zilikosa mafuta ya magari ndani ya siku chache. Makubaliano ya kisiasa yalitiwa saini tarehe 28 Februari 2008, yaani karibu miezi miwili baadaye.

- Katuna, 2019 hadi 2022. Rwanda ilifunga mpaka wa Gatuna/Katuna mwishoni mwa Februari 2019 na kuufungua tarehe 31 Januari 2022. Waliotegemea njia hiyo moja walilazimika kubadili kazi.

- Ugonjwa wa korona, 2020. Mwezi Mei 2020 madereva walikwama Malaba, Busia na Namanga wakisubiri vipimo, na Zambia ikafunga Nakonde kwa siku kadhaa.

- Mgomo wa madereva, Januari 2022. Uganda ilipotaka kila dereva apimwe korona mpakani na kulipia kipimo, madereva waligoma Malaba na Busia. Foleni ilifika makumi ya kilomita na bei ya petroli Uganda ikapanda ghafla.

- Burundi. Uhaba wa mafuta ya magari umejirudia tangu 2021, na Januari 2024 nchi hiyo ilifunga mipaka yake ya ardhini na Rwanda.

- Goma, Januari 2025. Mji ulipotekwa na M23 mwishoni mwa Januari, benki na uwanja wa ndege vilifungwa, umeme na maji vikakatika kwa siku kadhaa. Benki hazikurudi kwa miezi mingi. Wakazi wengi walivuka kwenda Gisenyi kutafuta fedha zao.

- Tanzania, Oktoba 2025. Kuanzia siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa, na amri ya kutotoka nje usiku ikawekwa Dar es Salaam.

Kutokana na matukio haya tunajifunza mambo mawili. Kwanza, huduma hazikatiki moja moja. Mafuta yakikosekana, chakula hupanda bei. Umeme ukikatika, simu huzima. Mtandao ukizimwa, fedha iliyo kwenye simu huwa kama haipo. Pili, mara nyingi tatizo huanza mbali na kwako. Mama wa Kampala mwaka 2008 hakuwa karibu na Eldoret, lakini bei ya sokoni kwake ilitoka huko.

HATUA YA 1: TENGANISHA FEDHA YA NYUMBA NA MTAJI

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote. Kuwa na mafungu matatu, na kila fungu liwe mahali pake:

(a) Mtaji: fedha ya kununulia mzigo, ushuru na mafuta ya gari.
(b) Matumizi ya kila siku: chakula, nauli, shule.
(c) Akiba ya nyumba: matumizi ya siku 14 ambayo hayaguswi.

Kupata kiasi cha (c), andika kwenye daftari matumizi ya nyumba kwa wiki moja, gawanya kwa 7, kisha zidisha kwa 14. Nyumba inayotumia shilingi 15,000 za Tanzania kwa siku inahitaji 210,000. Usijaribu kuitoa yote mara moja. Kila safari inaporudi salama, tenga matumizi ya siku moja. Baada ya safari 14 umemaliza, na mtaji haukuguswa.

Tatizo likitokea, fuata mpangilio huu wa kutumia:
1. Uza haraka mzigo unaooza: nyanya, samaki wabichi, ndizi, matunda.
2. Tumia chakula kilichoko stoo.
3. Tumia akiba ya nyumba.
4. Kusanya madeni yako, hata kidogo kidogo.
5. Omba mkopo wa dharura kwenye kikundi chako, kiwe chama, kikoba au ushirika.
6. Mtaji uwe wa mwisho kabisa.

Watu wengi hufanya kinyume. Huanza na mtaji kwa sababu ndio uko karibu, na mzigo unaooza wanauacha ukisubiri bei nzuri.

HATUA YA 2: CHAKULA CHA SIKU 14

Mashirika ya misaada hutumia kipimo cha mtu mmoja kwa siku: nafaka gramu 400, maharage au kunde gramu 60, mafuta ya kupikia gramu 25 na chumvi gramu 5. Kwa familia ya watu 6, siku 14, hesabu ni hii:

- Unga au mchele: kilo 34
- Maharage, kunde au choroko: kilo 5
- Mafuta ya kupikia: lita 2 na nusu
- Chumvi: nusu kilo

Ongeza sukari, majani ya chai, dagaa wakavu, sabuni, viberiti na maziwa ya mtoto kama yupo. Mwenye dawa za kila siku, kama za presha, kisukari au ARV, aongee na kituo chake cha afya mapema ili asibaki na vidonge vya siku mbili mpaka ukifungwa.

Wahenga walisema akiba haiozi, lakini mahindi yasiyokauka huoza, tena hupata sumukuvu. Nafaka ikauke vizuri kabla ya kuwekwa, unyevu usizidi asilimia 13 na nusu. Iwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Mifuko maalumu isiyopitisha hewa husaidia kuzuia dumuzi. Mwaka 2021, mwezi Machi, Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa ajili ya sumukuvu, kwa hiyo ukaushaji mzuri unalinda chakula chako na mzigo wako pia.

Chakula hiki kisikae hadi kiharibike. Kula cha zamani, weka kipya nyuma yake.

HATUA YA 3: MAJI, MOTO NA TAA

Maji: kwa kunywa na kupika, familia ya watu 6 itahitaji takriban madumu mawili ya lita 20 kwa siku. Weka angalau madumu 6, yatoshe siku 3, na ujue kisima au bomba jingine la karibu. Maji ya shaka yachemshwe hadi yatokote. Mtoto akiharisha na kituo cha afya ni mbali, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, umnyweshe kidogo kidogo huku ukitafuta huduma.

Moto: anayepikia gesi awe na jiko la mkaa na gunia moja la akiba. Jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, gesi yake ya sumu huua watu usingizini.

Mafuta ya gari: petroli isihifadhiwe ndani ya nyumba kwenye madumu. Nyumba nyingi zimeungua kwa njia hiyo. Ni salama zaidi kuwa na desturi ya kutoruhusu tangi la gari au pikipiki kushuka chini ya nusu.

Taa na simu: taa ndogo ya sola yenye sehemu ya kuchajia simu inatosha. Redio ya betri bado ni muhimu, kwa kuwa intaneti inapozimwa redio huendelea.

HATUA YA 4: FEDHA ZISIKAE MAHALI PAMOJA

- Fedha taslimu: angalau matumizi ya siku 7 yawe mkononi, kwa noti ndogo. Wakati wa shida hakuna mwenye chenji.
- Fedha kwenye simu: kama unaweza, uwe na laini za mitandao miwili. Anayevuka kila siku awe na laini ya upande wa pili, iliyosajiliwa kwa jina lake.
- Fedha ya nchi jirani: weka kidogo. Wakazi wa Goma waliokuwa na akaunti au laini upande wa Gisenyi walipata unafuu mwaka 2025.
- Dola: zisiwe akiba yako yote. Kongo hukataa noti yenye hata mpasuko mdogo. Tanzania, kwa kanuni za 2025, imekataza kwa jumla bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni, na duka la kubadilishia fedha nalo linaweza kuwa limefungwa.
- Usitangaze akiba yako. Mtu wa pili wa kuijua awe mwenzi wako au mtu mzima mmoja unayemwamini.

HATUA YA 5: KARATASI

Weka kwenye mfuko mmoja wa plastiki: vitambulisho vya taifa au pasipoti, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za chanjo pamoja na ile ya homa ya manjano, leseni, kadi ya gari, bima na Kadi ya Njano ya COMESA, hati ya nyumba au mkataba wa pango, na orodha ya wanaokudai na unaowadai. Nakala moja iwe kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Namba muhimu za simu ziandikwe kwa kalamu, maana simu ikizima namba zote zimezima nayo.

HATUA YA 6: ALIYEKO BARABARANI NA WALIOKO NYUMBANI

Chukua mfano wa dereva anayetoka Mombasa kwenda Kampala. Ameacha nyumbani fedha ya siku 6. Foleni inageuka wiki tatu. Posho yake inaishia mpakani, na nyumbani wanaanza kukopa dukani. Hapo kuna nyumba mbili zinazohitaji chakula: ile ya Mombasa na ile iliyomo ndani ya kabini.

Kabla ya kuondoka, mkubaliane mambo manne:
1. Fedha iachwe ya siku za safari mara mbili.
2. Kabini iwe na unga, maji dumu moja, jiko dogo, blanketi na dawa.
3. Siku na saa ya kupigiana simu zijulikane. Simu isipopatikana, ndugu gani atapewa ujumbe?
4. Mwenye gari aseme mapema, ikiwezekana kwa maandishi, nani analipa posho ya siku za kukwama.

Jambo la nne ndilo huleta ugomvi mwingi. Ni rahisi kulizungumza kabla ya safari kuliko kulizungumza kwenye foleni.

MAMBO YA KUEPUKA

- Kununua chakula kingi siku ya hofu. Bei iko juu na unawaumiza majirani. Nunua wakati wa mavuno.
- Kukopa kwa riba ya siku kwa ajili ya kula.
- Kuvuka kwa njia za panya mpaka ukifungwa. Ukikamatwa unapoteza mzigo, na kunapokuwa na vita unaweza kupoteza maisha.
- Kutegemea njia moja, mteja mmoja au zao moja.
- Kusambaza habari isiyothibitishwa. Uvumi wa mpaka kufungwa hupandisha bei hata kama mpaka uko wazi.

KWA KUANZIA WIKI HII

Kama huwezi kufanya yote, anza na matatu: andika matumizi ya nyumba kwa siku 7, nunua kilo 5 za maharage, na weka karatasi zote kwenye mfuko mmoja. Mwezi ujao ongeza unga na madumu ya maji. Mtaji wako uache ufanye kazi yake, ili siku mpaka utakapofunguliwa uwe miongoni mwa wanaovuka.