Ukamilifu wa Dahari: Istilahi Moja ya Mathayo 24

Katika Mathayo 24:3 wanafunzi wanamwuliza Yesu kuhusu dalili ya kuja kwake na ya jambo ambalo Kigiriki kinaliita sunteleia tou aionos, na ambalo Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 imelitafsiri kuwa mwisho wa dunia. Sunteleia ni kufikia kikomo kwa jambo lililotimia, wala si kukatika tu. Aioni ni zama, yaani muda mrefu wenye utawala na mambo yake, tofauti na kosmosi, ambayo katika Yohana 3:16 tafsiri hiyohiyo inaiita ulimwengu. Maneno yaleyale yanaporudi katika aya ya mwisho ya Injili hiyo, Mathayo 28:20, watafsiri wameandika ukamilifu wa dahari, kiasi kwamba msomaji asiyejua Kigiriki hawezi kutambua kwamba ahadi ya mwisho inajibu swali lile la wanafunzi, lililoulizwa kwenye Mlima wa Mizeituni.

Huko Mangobo, mojawapo ya komuni sita za mji wa Kisangani nchini Kongo, tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu sura hiyo yenye habari za vita inasomwa na watu walioziona siku sita za Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana mjini, kisha Mei 2002, askari wa kundi la waasi la RCD-Goma walipowaua raia wa Mangobo yenyewe baada ya maasi ya tarehe 14. Anayesoma Biblia ya Kifaransa ya Louis Segond naye hukuta mwisho wa dunia, tena katika aya zote mbili. Mhubiri akiishika tafsiri hiyo, kila mzinga huwa tarakimu ya kuhesabia siku zilizobaki, ingawa aya ya 6 inasema wazi kwamba vita vyenyewe sio ule mwisho.

Wafasiri wanaoanza na zama husoma sehemu kubwa ya sura hiyo wakilitazama hekalu la Yerusalemu, lililobomolewa na Warumi mwaka 70, huku wengine wakiyasubiri yote mbeleni. Luka 21:20, inayotaja mji kuzungukwa na majeshi, inawapa wa kwanza nguvu zaidi. Huku Kongo nako, wafuasi wa vuguvugu la kidini la Kitawala walioasi Lubutu na Masisi mwaka 1944 chini ya Bushiri, wakitazamia utawala wa Wabelgiji uanguke, walikuwa karibu zaidi na maana ya aioni kuliko wakoloni wangekubali.

Watetezi wa neno dunia wana hoja, kwani Mswahili akisema dunia imebadilika hazungumzii ardhi. Hata hivyo, neno hilo likitanguliwa na mwisho, wengi hufikiria moto na ardhi kuteketea. Na dahari, ingawa ni sahihi, haisikiki katika Kiswahili cha kila siku cha Kisangani. Kwa mahubiri ya Mangobo, utimilifu wa nyakati, ambao Union Version yenyewe imeutumia katika Waebrania 9:26 kwa neno hilohilo sunteleia, ndio tafsiri inayofaa zaidi.