Akiba ya Nani? Utumishi wa Askari wa Akiba Ukitazamwa kutoka Lubumbashi

Sheria ya mwaka 2023 iliyounda Jeshi la Akiba la Ulinzi nchini Kongo imejadiliwa zaidi upande wa Kivu, ambako wapiganaji wa kujitolea wanaoitwa Wazalendo wanapigana na waasi wa M23. Lubumbashi, huku Katanga, iko mbali na vita hivyo, lakini inamjua vizuri mtu ambaye sheria hiyo inamhusu: aliyefunzwa silaha, akawekwa kando, kisha akaitwa tena. Naona utumishi wa akiba upimwe kwa siku askari anaporuhusiwa kwenda nyumbani.

Chukua jandarmeri ya Katanga. Moïse Tshombe aliiunda baada ya kutangaza kujitenga kwa Katanga Julai 1960. Kujitenga kulipokomeshwa Januari 1963, baadhi ya askari wake waliingizwa katika jeshi la taifa, wengine wakavuka kwenda Angola. Mwaka 1964 Tshombe, sasa waziri mkuu huko Léopoldville (Kinshasa ya leo), akawaita wapigane na waasi wa Simba. Wakaitika. Mwaka 1966 wakaasi Kisangani, na walionusurika wakaishia tena Angola, wakawatumikia Wareno, halafu chama cha MPLA. Mwaka 1977 na 1978 waliingia Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, wakiwa kundi la FLNC, mara ya pili wakaiteka Kolwezi. Hata safu za waasi wa AFDL zilizoingia Lubumbashi Aprili 1997 zilikuwa na Watigri, warithi wao. Walikuwa akiba ya kila aliyewahitaji. Kuwaita kulikuwa kwepesi. Kuwaachisha jeshi kwa heshima, wakiwa na shughuli ya kufanya, kuliahirishwa kila mara.

Hilo halifuti faida za askari wa akiba. Nchi yenye mipaka mirefu kama yetu haiwezi kulipa askari wa kudumu wa kutosha kila kona, na kijana wa Pweto anazijua njia za Ziwa Mweru kuliko ofisa aliyehamishwa kutoka Kinshasa. Naye hupata mafunzo, nidhamu na hadhi mbele ya majirani. Tanzania ilivuna hayo: mgambo walioimarishwa baada ya Mwongozo wa TANU wa 1971 walilijaza jeshi haraka Idi Amin alipoivamia Kagera mwaka 1978, na vita vilipokwisha wengi wakarudishwa uraiani. Walikuwa na kijiji cha kurudia, na chama kilichowajua kwa majina.

Kwetu majina ndiyo shida. Kifungu cha 63 cha Katiba kinaufanya ulinzi wa nchi kuwa haki na wajibu mtukufu wa kila Mkongo. Kifungu cha 190 kinaita uhaini mkubwa kuunda wanamgambo binafsi au kuweka vijana wenye silaha. Kinachowatenganisha askari wa akiba na wanamgambo wa Bakata Katanga walioingia Lubumbashi tarehe 23 Machi 2013 ni daftari la jeshi la taifa, FARDC, na kamanda anayewajibika mbele ya sheria. Kikundi kinachoandikishwa kizima kizima, pamoja na mkubwa wake, hubaki mali ya mkubwa huyo.

Kuna hasara nyingine isiyozungumzwa sana. Kanuni ya Kazi ya 2002 inasema mwito wa jeshi husimamisha mkataba wa kazi, hauuvunji. Kwa mwajiriwa wa kampuni ya madini ya Gécamines hiyo ni kinga. Lakini dereva wa teksi pale soko la Kenya, hapa Lubumbashi, hana mkataba wa kusimamisha. Jioni anampelekea mwenye gari hesabu ya siku. Akikosekana wiki mbili, usukani unashikwa na mwingine. Mchimbaji wa mkono wa Kipushi hali yake ni hiyo hiyo: shimo alilolichimba kwa miezi halimngoji. Sheria inamlinda zaidi yule ambaye hana haja kubwa ya kujiandikisha, na anayejiandikisha kwa sababu ya njaa akirudi hakuti kitu. Bunduki, ikiwa hakuirudisha, inakuwa ndiyo chombo chake cha kazi.

Wabunge wangeanzia hapo: fidia ya kila siku ya utumishi kwa asiye na mkataba, ilipwe moja kwa moja kwa jina lililomo daftarini, bila kupitia mkononi mwa kamanda, na iendelee kwa muda baada ya silaha kurudi ghalani.