Mlinzi wa Mlango (Sehemu ya Tatu)

ILIPOISHIA: Baada ya arobaini ya bibi, nilifungua droo ya cherehani ya babu. Mkasi wake mkubwa wa chuma, ule wenye kitambaa chekundu kilichozungushiwa mpinioni, haukuwamo. Ilikuwamo barua ya Mei 1971 kutoka kwa tajiri wake wa Iringa, akiaga: "Mzigo wako nimemwachia Dada. Atalinda." Nikapanda basi kwenda Mbeya kumtafuta huyo dada. Pale Uhindini, bibi wa Kihindi alinifungulia mlango, akanikazia macho, akasema: "Umerudi kunitukana tena?"

SASA ENDELEA

"Shikamoo, bibi," nikasema, maana hakuna kingine kilichonijia.

"Marahaba." Kiswahili chake kilinyooka kuliko changu. "Mwaka 1973 babu yako alisimama hapo hapo ulipo. Pua ile ile, paji lile lile. Akanidai mzigo. Nikamwambia sina. Akaniita mwizi mbele ya wanangu."

"Hakukuonyesha barua?"

"Barua gani?"

Nikampa. Akavaa miwani, akaisoma. Akairudia, safari hii kwa kidole. Ghafla akaangua kicheko, kikamgeukia kikohozi, akajifuta macho kwa upindo wa sari.

"Mjukuu wangu, kwetu Kigujarati mama ni mjomba. Kaka ni baba mdogo. Na dada," akalivuta lile neno, daa-daa, "ni babu, mzaa baba."

Nikakaa bila kukaribishwa. Babu alikwenda kaburini akimlaani mwanamke huyu.

"Basi mzigo uko kwa babu yenu?"

"Babu yetu alikufa mimi sijaolewa. Huoni hiyo D kubwa? Huyo Dada ni mmoja tu." Akainua kidole juu ya mlango nilioingilia. "Ganpati Dada. Ninyi mnamsikia Ganesha."

Nilikuwa nimepita chini yake bila kumwona. Kichwa cha tembo juu ya mwili wa mtoto aliyeshiba, mikono minne: mmoja una fimbo ya kuongozea tembo, mmoja kitanzi, wa tatu ladu, wa nne umeinua kiganja kubariki. Pembe moja imevunjika. Miguuni, panya, ndiye kipando chake. (Sisi wa vijiji vya kuelekea Ruaha tembo tunamjua kwa mahindi aliyotumalizia, kwa hiyo kumwona ameshika peremende kulinifurahisha kidogo.)

Bibi akaagiza chai ya tangawizi, ndipo akanisimulia. Parvati alitaka kuoga, hana wa kumlindia mlango. Akajipaka manjano, akayakwangua mwilini, akamfinyanga kijana, akampa uhai. Akamwambia: asiingie mtu. Akaja Shiva, mwenye mke na mwenye nyumba, kijana akamzuia. Shiva akamkata kichwa. Mama mtu akalia hadi mbingu zikatikisika, Shiva akaamuru kiletwe kichwa cha kiumbe wa kwanza atakayepatikana, na huyo akawa tembo.

"Akamwongezea na heshima: asiabudiwe mungu yeyote kabla yake. Sisi wa biashara, Diwali ikifika tunafungua daftari jipya la hesabu. Kabla ya shilingi yoyote, linaandikwa jina lake. Harusi, nyumba, safari, anaanza yeye."

"Anaondoa vikwazo, nimesikia."

"Huviweka pia. Hilo watu hawapendi kulisema. Mwenye nia mbaya anawekewa kisiki."

Ndipo akaeleza ya Aprili 1971, serikali ilipotaifisha majumba ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000. Jengo la ndugu yake likawa la Msajili wa Majumba. Wenzake wakakimbilia Uingereza na Kanada, naye akafuata mkumbo. Fundi cherehani wa barazani, babu yangu, alikuwa amekwenda kuzika kijijini. Akiba yake ya miaka tisa ilikuwa kwa tajiri.

"Angempa nani? Kila mtu alikuwa anafungasha. Alimpa yule asiyehama."

Akatoa picha kwenye bahasha ya kaki. Duka, baraza, babu kijana ameinamia cherehani, na juu ya mlango, ndani ya kishubaka, Ganpati.

"Mkonga umeelekea wapi?"

"Kulia."

"Kulia kwako! Simama kama anavyosimama yeye. Ni kushoto kwake. Wa majumbani ndiye huyo, mpole. Wa mkonga wa kulia, kama wa hekalu la Siddhivinayak kule Mumbai, anataka ibada kali, kosa dogo hasamehe. Ndugu yangu asingethubutu kumweka dukani."

Alfajiri nikaondoka. Uyole, Chimala, Igawa. Makambako upepo ukaingia hadi kwenye mifupa. Mafinga, misonobari ya Sao Hill mistari kwa mistari. Nikashuka Ipogolo, bajaji ikanipandisha mlima hadi mjini.

Jengo lilikuwa palepale jirani na Soko Kuu, limepakwa rangi ya bluu, dukani wanauza vocha na makava ya simu. Nikainua macho. Alikuwapo! Wapangaji wote wa miaka yote hiyo hawakumgusa, nadhani walimwogopa.

Nikatoa picha. Kisha, watu wakinishangaa, nikaupa mlango mgongo, nikasimama kama anavyosimama yeye, nikainua mkono nilivyouona mkonga.

Ulikuwa mkono wa kulia.

Nikaazima kigoda. Kuzunguka kishubaka saruji ilikuwa ya kijivu, haijapakwa bluu. Nikaigusa. Kidole kikarudi na unyevu.

"Kamwene," sauti ikanisalimu kutoka ndani. Binti wa duka alikuwa anatabasamu, kama mtu aliyenizoea. Mimi tangu matanga ya bibi sikuwa nimekanyaga Iringa.

"Karibu tena, kaka. Afadhali umerudi. Jana ulisahau hiki."

Akainama chini ya kaunta, akaniwekea juu ya kioo mkasi mkubwa wa chuma, mpini umezungushiwa kitambaa chekundu. Kwenye makali yake ulikuwa bado umenasa uzi uliokatwa.

ITAENDELEA WIKI IJAYO