Kisiwa cha Waislamu kilichochanja mbwa



Ndugu zangu, nilipotangaza msikitini kwamba wenye mbwa wawapeleke kwenye chanjo, kijana mmoja alinifuata baada ya swala: "Sheikh, mbwa na msikiti wapi na wapi?" Nilimjibu kwa habari ya Pemba, na leo nakuletea na wewe.

Pemba unaijua. Karibu wakazi wote ni Waislamu, mbwa ni wachache kuliko huku bara, na bahari imeizunguka. Ungedhani kichaa cha mbwa kisingefika huko. Kilifika. Watu waliumwa, na wapo waliofariki. Maradhi haya dalili zikishatokea, mtu akaanza kuogopa maji, ni nadra mno kupona. Ibn Sina, aliyefariki 1037, aliiandika hofu hiyo ya maji katika kitabu chake cha tiba, lakini pamoja na elimu yake yote hakuwa na chanjo. Ilibidi ingojewe mpaka 1885, Louis Pasteur alipomchanja kule Ufaransa mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa. Mtoto hakuugua.

Ila kumchoma sindano aliyekwisha kuumwa ni kuteka maji nyumba ikiwa inawaka. Moto wenyewe uko kwa mbwa. Kuanzia 2010 ukaletwa mradi wa kuchanja mbwa kusini mashariki mwa Tanzania na Pemba, ukisaidiwa na Shirika la Afya Duniani. Kufika 2014 kichaa kilikuwa kimekatika Pemba.

Sikiliza sasa kilichofuata. Chanjo ikalegea. Mwaka 2016 kichaa kikarudi, kimeletwa kutoka nje ya kisiwa, kikakuta mbwa wengi hawana kinga. Kwa nini, na walishachanjwa? Kwa sababu mbwa haishi sana. Waliochanjwa wanakufa, vitoto vinazaliwa bila kinga, na kinga ya waliobaki nayo hufifia. Ndiyo maana wataalamu wanataka mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe, na zoezi lirudiwe kila mwaka. Ukiniambia "wangu alichanjwa mwaka juzi", hujaniambia kitu. Pemba walirudi kuchanja, na 2018 kikakatika tena.

Wao walikuwa na bahari. Sisi wa Isongole tuna mto Songwe, ng'ambo ni Malawi, na mbwa haombi kibali cha kuvuka.

Sheria yetu imeruhusu mbwa wa kulinda mifugo na shamba, na wa kuwinda. Ukimfuga, umebeba dhamana ya jirani yako na watoto wake. Wapo wanaosema, "Mbwa najisi, nitamshikaje kumpeleka?" Mfunge kamba, mpeleke. Mate yakikugusa, osha mara saba, moja kwa udongo, uswali. Mbona akilinda mahindi usiku kucha hukumbuki unajisi wake?

Hapa kuna kosa ambalo ni la kutisha. Mtu ameumwa, anatafutiwa udongo apakwe kwenye jeraha, eti ndiyo tohara. Usifanye hivyo! Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Roho kwanza. Na katika tohara yenyewe wapo maulamaa walioruhusu sabuni mahali pa udongo, kwa hiyo usijibane bila sababu.

Hata kama ni mkwaruzo tu wa jino, nenda. Sindano ni zaidi ya moja. Zimalize zote, usiishie ya kwanza kwa kuwa kidonda kimekauka. Mwenye mbwa na vitoto vyake amwone ofisa mifugo wa kata aulize siku ya chanjo, na kadi aitunze.

Wabillahi tawfiq.