Retrosesio

Ukiuliza katika ofisi za jimbo la Maniema huko Kindu kwa nini barabara ya Kampene haipitiki, utajibiwa kwa neno moja: retrosesio. Haijafika. Mishahara ya watumishi wa jimbo? Retrosesio pia. Neno limetoka kwenye Kifaransa, na maana yake ni kumrudishia mtu kitu alichokitoa.

Hapo ndipo ninapoguna. Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 175, haizungumzii kurudisha. Inasema asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ni ya majimbo, na kwamba fungu hilo linakatwa palepale mapato yanapokusanywa. Jimbo lichukue kwanza, kinachobaki kiende Kinshasa. Leta, yaani serikali, imefanya kinyume: franga zote zinapanda, chache zinashuka tena, zimechelewa, na wakubwa wetu wanazipokea kwa shukrani kama zawadi ya harusi. Neno lenyewe limekwisha kutoa hukumu kabla hata hesabu haijafunguliwa.

Kwa sisi wa Pangi, teritwari ya Maniema yenye dhahabu na kasiterite, kuna jambo jingine. Sheria ya madini ya 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta, usultani au mji unakochimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Hata wasiozaliwa wana fungu! Siku moja mbunge wa jimbo asimame Kindu aseme “fungu letu liko wapi?”, bila kulitaja neno retrosesio, tuone nani atajibu.