Riwaya Nne za Kando ya Barabara

Wenzangu, mwezi uliopita nilipita kwa mzee mmoja anayetandika vitabu chini, Kariakoo. Nikampa shikamoo, nikachagua vinne. Ni vile vile ambavyo shuleni tulichapwa tukikutwa navyo dawatini. "Vitabu vya wahuni," mwalimu alikuwa akisema. Nimevimaliza kwa juma moja. Maoni yangu ndiyo haya.

Mzimu wa Watu wa Kale, cha Mohamed Said Abdulla. Kilishinda mashindano ya hadithi ya East African Literature Bureau ya 1957-58, kikachapwa 1960. Bwana Msa na kiko chake ni ndugu wa Sherlock Holmes, hilo halifichiki. Lakini Kiswahili cha Unguja kilichomo humo, acha bwana! Kinakwenda taratibu, mwenye haraka atachoka. Mtu kafa mzimuni, na Bwana Msa anamtafuta binadamu aliyehusika.

Simu ya Kifo (1965), cha Faraji Katalambulla. Hapa tumevuka bahari hadi Dar es Salaam, na mpelelezi ni polisi, Inspekta Wingo. Tanganyika ilipata uhuru 1961. Serikali yetu, askari wetu, na mwandishi ana imani nao. Kinakimbia kama daladala ya asubuhi. Usikisome usiku ukiwa peke yako.

Kufa na Kupona (1974), cha Elvis Musiba. Willy Gamba, jamaa wa bastola, mabinti na safari ya Nairobi. Siyo siri, mabinti wake wengi ni pambo tu, na hilo limeniudhi. Ila angalia kilichoibwa: nyaraka za siri za ukombozi wa Afrika. Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake hapa Dar tangu 1963, na Msumbiji na Angola zilipata uhuru 1975, mwaka mmoja baada ya kitabu kutoka. Kumbe ile hofu ilikuwa ya kweli. Jamaa waliokisoma wakicheka waliishi mji mmoja na wapigania uhuru.

Dar es Salaam Usiku (1990), cha Ben Mtobwa, kilichotolewa na Heko, kampuni yake mwenyewe. Shushushu hayumo, wala mkoloni. Kuna mji, njaa na pesa, na watu wanaouzana humo humo. Kwangu hiki ndicho bora kuliko vyote vinne.

Sasa vipange kwa miaka. Katika miaka 30 adui kahama: toka mzimuni, kaingia mjini, kavuka mpaka, halafu karudi kukaa mtaani kwetu. Hiyo ni historia ya hofu zetu, na mwalimu aliitupa kapuni.

Nakala yangu ya Simu ya Kifo haina karatasi ya mwisho. Nilirudi kwa mzee kulalamika. Akacheka: "Labda ilifungiwa karanga, kijana."

Nilicheka naye, lakini njiani kicheko kikaniishia. Musiba alifariki 2010, Mtobwa 2008. Kama nakala zao nazo zinaishia kwenye karanga, sisi tunaojiita waandishi chipukizi tutajuaje tulipotoka?

Mwenye nakala kamili ya Simu ya Kifo aniazime. Nitairudisha, haki ya Mungu.