Falaji na kilimo cha oasisi nchini Oman

Falaji ni mfumo wa kale wa mifereji unaofikisha maji mashambani kwa mteremko tu, bila pampu. Mifumo ipatayo 3,000 bado inatumika nchini Oman. Mitano, ukiwemo Falaji Daris wa Nizwa, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006.

Maji hutumika kwa mpangilio. Ya kunywa huchotwa kwanza, kisha mfereji hupita msikitini na penye kuogea, ndipo ufike mashambani. Huko kila mwenye haki ana zamu yake, inayopimwa kwa muda: kijadi mchana ulipimwa kwa kivuli cha kijiti kilichosimikwa ardhini, usiku kwa nyota. Zamu ikiisha, mlango wa maji wa shamba huzibwa kwa jiwe na matambara, na maji huelekezwa kwa jirani.

Ardhi nayo haiachwi bure. Chini ya kivuli cha mitende hustawi mindimu na migomba, na chini zaidi majani ya mifugo. Ukame ukizidi, mazao ya msimu hupunguzwa ili mitende isife.

Hata hivyo, falaji haifungwi kama bomba. Majira ya baridi, mahitaji yanapopungua, sehemu ya maji huweza kupita bila kutumika. Na visima vya pampu vimeshusha maji ya ardhini yanayolisha falaji katika maeneo kadhaa.